Damu Ileile, Alama Tofauti

Mtoto wa kiume wa miezi tisa alipimwa kilo saba. Mwezi mmoja baadaye anapachikwa tena kwenye mizani ya kliniki: kilo saba na nusu. Nukta inawekwa kwenye kadi, mstari unapanda, mama anapongezwa na kuambiwa aendelee hivyohivyo. Hakuna aliyemvua mtoto shati. Lau angevuliwa, zingeonekana mbavu, mikono iliyobaki vijiti, na tumbo lililowambwa kama ngoma mpaka kitovu kimechomoza. Nusu kilo ile ni maji.

Mtoto huyu nimemtunga, ila yeyote aliyewahi kufanya kazi wodi ya watoto atasema ameshamwona. Nimeanza naye kwa sababu amebeba dai la kwanza kati ya yale ninayotaka kuyapinga hapa, madai kuhusu namna ya kujua mtoto mwenye ugonjwa wa ini anaumwa kiasi gani na anahitaji nini. Mengine husemwa barazani, mengine wodini. Ya wodini ndiyo yanayoumiza zaidi, kwa kuwa yamevaa koti jeupe.

Basi dai la kwanza: uzito ukipanda, mtoto anaendelea vizuri. Kwa mtoto wa kawaida, sawa. Kwa mtoto ambaye ini lake limeanza kuwa gumu, mizani hujumlisha vitu vinne bila kutuambia kipi ni kipi: nyama, mafuta ya mwili, ini na bandama vilivyovimba, na maji yaliyojaa tumboni. Viwili vya kwanza vinapungua, viwili vya mwisho vinaongezeka, na jumla inaweza kupanda huku mtoto mwenyewe anakwisha. Ndiyo maana wanaowafuatilia watoto hawa kwa makini hupima mkono. Utepe uleule wa rangi tatu anaotembea nao mhudumu wa afya ya jamii, mwekundu chini ya sentimita 11.5, wa njano hadi 12.5, wa kijani kuanzia hapo, hapa unaishinda mizani ya bei kubwa, kwani maji ya tumboni aghalabu hayafiki kwenye mkono wa juu. Wenye vifaa huongeza kipimo cha unene wa ngozi nyuma ya mkono huohuo.

Na kosa hili haliishii kwenye kadi. Mtoto ambaye nyongo yake haifiki kwenye utumbo hawezi kufyonza mafuta ya kawaida, na vitamini A, D, E na K zinampita zikatoka naye chooni. Ili akue anahitaji nishati kati ya asilimia 120 na 150 ya ile anayohitaji mwenzake wa umri wake, na sehemu ya mafuta yake inafaa iwe ya mnyororo wa kati, yanayofyonzwa bila kutegemea sana nyongo. Aliyeandikiwa kwamba anaendelea vizuri hapewi hata kimoja kati ya hivyo. Nani ampe chakula cha ziada mtoto anayenenepa?

Dai la pili linatoka nyumbani, na nusu yake ni kweli, ndiyo maana haling'oki: manjano ya mtoto mchanga huisha yenyewe, wewe mwanike tu jua la asubuhi. Wachanga wengi hupata manjano katika wiki ya kwanza na wengi yanawaisha. Lakini bilirubini, kitu kinachotia rangi ile, ipo ya namna mbili. Kuna ambayo ini halijaisindika, na mwanga huigeuza ikaweza kutoka mwilini. Hospitali hutumia taa za buluu kwa sababu zinafanya kazi hiyo kwa uhakika na usalama kuliko jua. Na kuna ambayo ini limeshaisindika ila imekosa pa kutokea kwa sababu njia ya nyongo imeziba. Hiyo ya pili, mwanike mtoto mpaka adhuhuri, haiondoki.

Tatizo la kupima ni kwamba ukolevu wa manjano hautofautishi namna hizi mbili. Mtoto aliyezibwa mirija ya nyongo huweza kuwa na manjano hafifu, ananyonya, ana mashavu, anasifiwa na kila mgeni. Kinachotofautisha ni choo na mkojo. Choo chake kimepauka kama chokaa au udongo mweupe, na mkojo, ambao kwa mchanga unapaswa kuwa karibu na maji, unaacha doa kwenye nepi. Taiwan walilichukua jambo hili kwa uzito. Mwaka 2002 walianza kugawa kadi yenye picha za rangi za choo, na kufikia 2004 kadi hiyo ilikuwa imeenea nchi nzima. Mama analinganisha choo cha mtoto na picha, basi. Watoto waliofikishwa kwa daktari mpasuaji kabla ya siku 60 waliongezeka. Uingereza wanaweka mpaka wa siku 14: mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni akiwa bado ana manjano siku hiyo, bilirubini yake hupimwa ikiwa imegawanywa sehemu zake mbili, kwa kuwa jumla peke yake haisemi lolote la maana.

Siku 60 zinahesabiwa kwa sababu ya upasuaji aliouanzisha Morio Kasai huko Sendai, Japani, miaka ya 1950: mpasuaji anaondoa mirija iliyoziba na kuunganisha kipande cha utumbo moja kwa moja na lango la ini. Kadiri siku zinavyopita ndivyo ini linavyojaa makovu na matumaini ya nyongo kutiririka yanavyopungua. Hapa niwe mkweli kwa upande wa pili pia. Mimi si adui wa namba. Baada ya upasuaji wa Kasai ipo namba moja nyepesi inayosema mengi: jumla ya bilirubini ikishuka chini ya miligramu 2 kwa desilita ndani ya miezi mitatu, mtoto ana nafasi nzuri ya kuishi miaka na ini lake mwenyewe, isiposhuka, familia ianze mapema kuzungumzia upandikizaji. Kipimo kimoja, kwa wakati wake, kwa swali lake. Ila hata hao waliofanikiwa, neno "amepona" si lao. Makovu huendelea kimyakimya, njia mpya ya nyongo hushambuliwa na vijidudu, homa ya kawaida inakuwa si ya kawaida tena.

La tatu ni fupi. "Vimeng'enya vya ini vimeshuka, ini linapona." Vimeng'enya hivyo, ALT na AST, havipimi kazi ya ini, vinapima uvujaji wa seli zinazoumia. Ni moshi wa nyumba inayoungua. Moshi ukikoma, ama moto umezimwa ama hakuna kilichobaki cha kuungua, na ukiwa mbali huwezi kujua ni lipi. Mtoto mwenye ini lililosinyaa kwa makovu anaweza kuwa na ALT ya kawaida kabisa. Na katika kushindwa kwa ini kwa ghafla, ALT inayoporomoka huku bilirubini na INR zinapanda ni habari mbaya, wala si ya kupigia vigelegele.

INR, kipimo cha kuganda kwa damu, nayo ina dai lake, na hili ni la wasomi: INR ikiwa juu, ini limeshindwa. Polepole. Ini hutengeneza viini vya kugandisha damu kwa kutumia vitamini K, na nimeshasema kwamba mtoto asiye na nyongo utumboni haipati. Kwa hiyo INR ya 2 inaweza kuwa ini lililokufa, au ini zima lililonyimwa malighafi. Dawa ya kuyatenganisha ni rahisi na ya zamani: mpe vitamini K kwa sindano, kisha pima tena baada ya saa kadhaa. Ikishuka, ulikuwa upungufu, na umemwepusha mtoto na kuvuja damu kichwani, jambo ambalo kwa baadhi ya wachanga ndilo huwa dalili ya kwanza kuonekana. Isiposhuka, ndipo uogope. Watafiti wa kushindwa kwa ini kwa watoto waliliweka sharti hili ndani ya fasili yao: INR ya 1.5 au zaidi isiyorekebishwa na vitamini K, pamoja na dalili za ubongo kuchanganyikiwa. Au 2 na zaidi hata kama ubongo unaonekana salama. Kwa nini waongeze hiyo ya pili? Kwa sababu mchanga aliyechanganyikiwa hana namna ya kukwambia. Analia zaidi, analala mchana na kukesha usiku, na nusu ya wachanga wa mtaa hufanya hivyo.

Kabla sijafika kwenye dai kubwa, nipitie moja linalochekesha. Wapo wanafunzi wa tiba wanaodhani kipimo kiitwacho Child-Pugh ni cha watoto, kwa kuwa "child" kwa Kiingereza ni mtoto. Child ni jina la mpasuaji wa Marekani, Charles Gardner Child, aliyekichapisha na mwenzake Turcotte mwaka 1964. Pugh na wenzake wa London wakakirekebisha mwaka 1973. Kiliwalenga watu wazima waliokuwa wakipasuliwa kwa sababu ya mishipa ya damu iliyovimba. Watoto hawakuwa hata mawazoni.

Kipimo kilichotengenezwa kwa ajili yao kinaitwa PELD, na juu yake limejengwa dai ninalolisikia kuliko yote: PELD ndiyo inayotuambia mtoto anaumwa kiasi gani.

Asili yake inafaa kujulikana. Kwa watu wazima kulikuwa na MELD, iliyotoka Mayo Clinic ya Marekani mwaka 2000 kwa ajili ya kukadiria nani angefariki mapema baada ya kuwekewa njia ya kupunguza shinikizo la damu ndani ya ini. Marekani walipotaka kuacha kupanga foleni ya ini kwa kuangalia nani amesubiri muda mrefu, waliichukua MELD kwa watu wazima, na kwa watoto wakatengeneza PELD kutokana na kumbukumbu za watoto waliokuwa tayari kwenye orodha. Vyote viwili vilianza kutumika Februari 2002. Swali lililoulizwa lilikuwa moja: katika miezi mitatu ijayo, mtoto huyu aliye kwenye orodha ana uwezekano gani wa kufariki au kuhamishiwa chumba cha mahututi? Halikuulizwa swali lingine.

Hadi ilipobadilishwa mwaka 2023, vilivyoingia vilikuwa vitano: bilirubini, INR, albumini (protini ya damu inayotengenezwa na ini), umri, na kama ukuaji umedumaa. Kila bilirubini ilipozidi maradufu, alama zilipanda 3.3. INR ikizidi maradufu, 12.9. Albumini ikipanda, alama zilishuka. Aliye chini ya mwaka mmoja aliongezewa 4.36. Aliyedumaa, yaani uzito au urefu wake uko chini ya mstari wa pili kuelekea chini kwenye chati ya ukuaji, aliongezewa 6.67.

Sasa tumrudie mtoto wetu. Tuseme bilirubini yake ni 15, INR 1.3, albumini 2.8. Akiwa na kilo saba yuko chini ya mstari, kwa maana mvulana wa miezi kumi anatakiwa afikishe walau kilo 7.4 ili auvuke. Ana umri chini ya mwaka. Piga hesabu kwa kanuni hiyo: alama 22. Mwezi huohuo maji yanamjaa, mizani inasoma 7.5, na kama urefu wake haujaporomoka anahesabiwa kuwa hajadumaa. Alama 15. Kisha karatasi zicheleweshwe, apitishe siku yake ya kuzaliwa kabla ya jina lake kuingia kwenye orodha: alama 11. Damu ni ileile. Ini ni lilelile, au tuseme kweli, ni baya zaidi. Kujaa maji ni dalili ya kuzidiwa, na kipimo kimemlipa kwa kumshusha alama saba.

Kuna mengine ya namna hiyo. Mtoto aliyevimba akipewa albumini kwenye mshipa, kipimo cha kesho kinaonyesha albumini nzuri, na alama zinashuka kwa sababu ya chupa iliyoning'inia, ini halijafanya lolote. Aliyepimwa INR kabla ya kupewa vitamini K anaweza kubeba alama zaidi ya kumi zisizo zake. Mwenye ini zuri aliweza hata kupata alama hasi, na nashangaa mzazi aliyeambiwa mwanawe ana "hasi tisa" alitakiwa acheke au alie.

Na kwa huku kwetu kuna mtego wa vipimo vyenyewe. Hesabu ya PELD inataka bilirubini kwa miligramu kwa desilita na albumini kwa gramu kwa desilita. Maabara zetu nyingi huandika bilirubini kwa mikromoli kwa lita, ambayo ni namba kubwa mara 17, na albumini kwa gramu kwa lita, kubwa mara 10. Daktari mchovu akizinakili kama zilivyo, kosa la kwanza, kwa kanuni hiyo ya kabla ya 2023, linaongeza alama 13.6, la pili linapunguza 15.8. Makosa mawili makubwa yanafutana, jibu linatoka likiwa pungufu kwa alama mbili tu, na kwa vile linaonekana la kuaminika hakuna anayelikagua. Afadhali lingetoka 90, mtu angeshtuka.

Hapa ndipo mtetezi wa namba anaposema: sawa, ina kasoro, lakini walau haina upendeleo, daktari anayebishana nayo anatafuta kumpendelea mgonjwa wake. Hoja ina uzito. Foleni ya ini iliyopangwa kwa ushawishi wa madaktari ni foleni ya wenye sauti. Ila tuangalie kilichotokea. Marekani iliruhusu daktari kuandika ombi la alama za ziada pale anapoona namba haimtendei haki mtoto, na maombi hayo yakawa mengi mno. Kanuni inayohitaji kupinduliwa kila mara haijaondoa upendeleo, imeuhamishia kwenye barua. Mtoto ambaye hospitali yake inajua kuandika barua nzuri akapita, mwingine akabaki na namba yake. Mwaka 2018 utafiti uliochapishwa katika JAMA Pediatrics ulionyesha kwamba PELD ilipunja makadirio ya vifo vya watoto wanaosubiri kwa hadi asilimia 17. Watoto na watu wazima wanagombea maini yaleyale, kwa hiyo mtoto mwenye alama 20 na mtu mzima mwenye alama 20 walisimama sawa kwenye foleni ilhali hatari zao hazikuwa sawa.

Wamarekani wenyewe walikubali. Mwaka 2019 ukawekwa utaratibu wa kitaifa wa kupitia maombi ya ziada, wenye jopo la wataalamu wa watoto, na mwaka 2023 ikaja PELD mpya: imeongeza kreatinini ili figo zihesabiwe, imeacha kuutazama umri na udumavu kama mlango wa ndiyo au hapana na sasa inavipima hatua kwa hatua, na imelinganishwa na hatari ya watu wazima. Kile kijitelezi cha kutoka 22 hadi 11 kimelainishwa. Wale madaktari waliobishana na namba kwa miaka ishirini hawakuwa wakipendelea. Walikuwa wakiisahihisha.

Dai lingine linapenda kusemwa Dar es Salaam na Nairobi kwa kebehi kidogo: hayo ni ya Wamarekani, sisi hatuna foleni ya maini, PELD ya nini? Kweli, anayepandikizwa kutoka huku kwa kawaida anakwenda India, na ini linatoka kwa mzazi au ndugu: kipande cha kushoto, kama alivyofanya mama mmoja kwa mwanawe huko Brisbane mwaka 1989, upasuaji wa kwanza wa namna hiyo kufanikiwa. Mwenye mfadhili wake hashindani na mtu. Lakini anashindana na muda. Pasipoti ya baba, vipimo vya mama, bodi ya rufaa, mchango wa ukoo, harambee kanisani au msikitini: hayo yote yanachukua miezi, na mtoto mwenye mirija iliyoziba hana miezi mingi ya kukopesha. Hapo kipimo kinafaa kwa kazi nyingine kabisa, kazi ya kuona mwelekeo. Alama zikipanda kutoka 8 hadi 13 hadi 17 kwa vipimo vitatu mfululizo, hata kama hakuna foleni, unajua mchango usingoje mwisho wa mwaka. Na kwa PELD ile ya zamani, vipimo vyenyewe ni vitatu tu vya damu. Si kila hospitali ya wilaya inapima INR, hilo nalijua. Lakini kutokuwa na kipimo ni sababu ya kukitafuta, si ya kukidharau.

Nimeliacha mwisho dai ninaloliona baya kuliko yote, kwa sababu linaonekana ni akili ya kawaida: mwenye alama ndogo ana mahitaji madogo.

Chukua mtoto mwenye ugonjwa wa Alagille, ambaye mirija ya nyongo ndani ya ini ni michache tangu kuzaliwa. INR yake nzuri, albumini nzuri. Lakini chumvi za nyongo zimemjaa mwilini na anajikuna. Si muwasho wa upele. Ni muwasho usiofikiwa na kucha, anajichuna ngozi mpaka shuka inakuwa na damu, halali, mama halali, wadogo zake wanaochangia kitanda hawalali. Shuleni anasinzia. Kabla ya dawa mpya zinazozuia chumvi hizo kurudi mwilini kutoka utumboni, ambazo ziliidhinishwa mwaka 2021 na bei yake haisemeki, baadhi ya watoto walipandikizwa ini kwa sababu ya muwasho tu. PELD haina nafasi ya muwasho. Haiwezi kuuona.

Chukua mwenye ugonjwa wa Crigler-Najjar wa aina ya kwanza. Ini lake linafanya kila kazi isipokuwa moja: kukosa kimeng'enya kimoja kunamfanya asiweze kuisindika bilirubini. Analazwa chini ya taa za buluu kwa muda wa saa kumi au kumi na mbili kila siku, mwaka hadi mwaka, na umeme ukikatika usiku mzima ubongo wake uko hatarini. Mahitaji yake ya matunzo yanaanza na jenereta.

Chukua mwenye uvimbe wa saratani kwenye ini: vipimo vya damu safi, alama chini ya sufuri, na ndani anaota kitu kitakachomuua. Marekani ilibidi wampe alama za kubandika.

Na chukua mtoto wa kandokando ya Ziwa Victoria, wa Ukerewe au Mwanza vijijini, anayeoga na kuchota maji yenye konokono. Kichocho cha tumbo hakiui seli za ini kwa haraka. Mayai yake hukwama kwenye mishipa midogo na kuizungushia makovu. Ini linaendelea kufanya kazi. Bilirubini ya kawaida, albumini ya kupendeza. Lakini damu inayotaka kupita haipiti, inarudi nyuma, bandama inavimba mpaka kiunoni, na mishipa ya umio inatuna. Wengi hufika hatua hii wakishakuwa watu wazima, ila safari inaanzia utotoni. Siku mshipa ukipasuka, mgonjwa anatapika damu beseni zima. Asubuhi yake alama zake zingeweza kuwa hasi. Ndiyo sababu wataalamu wa kichocho hawahangaiki na PELD. Wanatumia ultrasaundi kusoma unene wa makovu na upana wa mshipa mkuu wa ini, kwa mwongozo uliotokana na mkutano wa Niamey wa mwaka 1996. Wamechagua kipimo kinachofuata ugonjwa wao.

Mahitaji ya mtoto huyu utayapima vipi? Uliza hospitali yenye damu ya akiba iko umbali gani, na kama barabara yake inapitika masika. Uliza kama mwalimu ameambiwa asipigwe tumboni wala asicheze mpira wa kugongana, kwa sababu bandama iliyovimba hupasuka. Kwa yule anayejikuna, uliza analala saa ngapi. Kwa anayelishwa kwa mpira wa puani, uliza nani anaamka saa nane za usiku, na huyo anayeamka ana kazi gani asubuhi. Kuna madodoso yaliyotengenezwa kwa maswali kama haya, na mojawapo linalotumika sana, PedsQL, humuuliza mtoto mwenyewe kuanzia miaka mitano na mzazi wake pembeni. Majibu yao mara nyingi hayafanani. Mzazi anataja dawa na hospitali; mtoto anataja wenzake wanaomwita jina kwa ajili ya macho yake ya manjano. Sijui kwa nini tunaona haya kuandika jambo kama hilo kwenye faili, wakati tunaandika albumini hadi nukta moja.

Kuna kitu kimoja zaidi kuhusu namba, na ni kidogo kiasi kwamba hakuna anayekibishia, wanakisahau tu. Kwenye orodha ya Marekani alama huisha muda kama maziwa: aliye juu hurudiwa vipimo baada ya siku chache, aliye chini kabisa baada ya mwaka, na asiyerudiwa hushushwa. Kwetu namba hunakiliwa kutoka barua ya rufaa hadi barua ya rufaa, kila mhuri ukiwa na tarehe yake mpya na damu ikiwa ileile ya zamani. Yule mtoto wa kilo saba na nusu, barua yake inayokwenda kwenye bodi inasema 15. Vipimo vilichukuliwa wiki kumi na moja zilizopita. Nafasi ya mzingo wa mkono haijajazwa.